Chumba kimoja si kufeli

Kwetu Nkololo, Usukumani mkoani Simiyu, ukitaka kumpima kijana aliyekwenda Dar es Salaam, huulizi anafanya kazi gani. Unauliza amepanga vyumba vingapi. Akisema kimoja, Manzese au Mbagala, wazee wanatazamana na shangazi anaguna: huyo bado hajatoboa. Vijana wenyewe wameyameza haya. Geto wanalificha kama kidonda, mzazi hawamkaribishi, na fedha ya kwanza ya maana wanairudisha kijijini kusimamisha nyumba ya vyumba sita ambayo wa kwanza kuhamia watakuwa popo.

Kupima maisha ya mtu kwa ukubwa wa chumba chake ni upuuzi, tena upuuzi wa gharama.

Tuanze nyumbani. Lini Msukuma aliishi kwenye chumba kikubwa? Msonge wa babu ulikuwa na nafasi ya kitanda, vyungu, na pengine ndama. Ukubwa wa kaya ulikuwa nje: uwanja uliofagiliwa, zizi, ua wa minyaa, kivuli cha mti, na shikome, moto wa jioni ambapo wanaume walikaa na vijana wakafundwa. Ndani uliingia kulala, kuugua au kukimbia mvua. Sensa ya 2012 iliikuta kaya ya Simiyu ikiwa na wastani wa watu 6.9, ya Dar es Salaam ilikuwa na 4.0. Watu karibu saba chini ya paa moja hawabanani ikiwa kutwa nzima wako uwanjani.

Sasa twende Manzese. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Kitanda cha tano kwa sita kimechukua karibu theluthi, pazia mbele yake, begi uvunguni, ndoo za maji chini ya meza, sufuria juu ya kabati, jiko la gesi karibu na mlango. Kwa mtu mmoja au wawili kinatosha kwa yale yale ambayo msonge ulitosha. Kinachomchosha mpangaji kiko nje ya mlango. Choo kimoja kwa nyumba nzima, na asubuhi foleni ya ndoo. LUKU moja, na kila umeme ukikata kabla ya wakati kesi inaanza: nani alipiga pasi, nani ana friji, nani hajachanga.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na korido katikati, ilikuja na uani wake. Pale watu walipika, walifua, walisukana, waligombana na kupatana. Kisha mwenye nyumba akaona ardhi imelala bure. Akajenga banda la vyumba viwili, akaongeza viwili, na barazani akaweka fremu. Leo unafungua mlango unakutana na ukuta, hata kamba ya nguo haina pa kufungwa. Na unalipa miezi sita mbele, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Wanaomcheka kijana kwa chumba chake mbona hawalisemi hilo?

Hata kwa ukubwa wenyewe, geto halijafeli. Hong Kong, mji unaojulikana duniani kwa vyumba vya kubana, ilipitisha sheria mwaka 2025: nyumba iliyogawanywa kwa wapangaji, kila sehemu isipungue mita za mraba 8. Geto letu la futi kumi kwa kumi linapita 9. Tumefaulu! Ila sheria hiyo hiyo inataka dirisha, na choo cha mpangaji mwenyewe, na hapo mageto mengi yangeanguka.

Baba, mama na watoto wanne nyuma ya pazia moja ni mateso, sibishi. Lakini hata hao ukiwapa chumba cha pili bila uwanja, maji wala choo, umewapa pa kuweka makochi.

Na zile nyumba za vyumba sita kijijini? Bati la rangi, madirisha ya aluminiamu, kufuli. Bibi analala chumba kimoja na wajukuu, vingine vinatunza magunia. Mwenyewe yuko mjini anakopa kodi.

Dar ni mbali, lakini Bariadi iko hapa jirani. Tangu iwe makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, watumishi na wafanyabiashara wanatafuta vyumba, na wenye viwanja wanapanga milango mstari mmoja hadi mpakani. Nafasi bado ipo. Halmashauri ya Mji kabla ya kugonga muhuri kwenye kibali cha ujenzi iulize: uani uko wapi, choo kimoja ni cha wapangaji wangapi, bomba linaingilia wapi? Vipimo vya chumba ivisome mwisho. Halmashauri isipouliza, basi mpangaji aulize mwenyewe, kabla hajamkabidhi dalali hela yake.