Makato ya Dereva Yapangwe kwa Haki



Kodi ya serikali hupitishwa na Bunge, mbele ya wawakilishi wetu. Je, makato anayotozwa dereva wa teksi ya mtandao na kampuni yenye programu ya simu hupitishwa na nani?

Mwaka 2022, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliagiza makato hayo yasizidi asilimia 15 ya nauli. Mwezi Aprili mwaka huo Uber ilisitisha huduma zake Tanzania. Januari 2023 kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na Uber ikarejea. Fahali wawili walipambana, zikaumia nyasi. Katika nauli ya shilingi 10,000, tofauti hiyo ni shilingi 1,000 ya dereva, ambaye bado ana mafuta ya kununua na hesabu ya mwenye gari inayomngoja jioni.

Wapo wasemao: heri kazi yenye makato makubwa kuliko kukosa kazi. Hoja hiyo ni kongwe. Ndiyo iliyohalalisha ujira duni mashambani na viwandani. Shida ya mnyonge si kibali cha kumpunja.

Hatukatai kampuni ipate faida, wala serikali ikusanye kodi. Tunadai madereva wawe na sauti kikomo kinapopangwa, na sababu za kukibadili zitangazwe wazi. Viongozi wa jumuiya, waulizeni madereva walio kati yenu hubakiwa na kiasi gani kwa siku. Kisha mpelekeeni mbunge wenu jibu hilo.