Ikulu ya Mtemi Nayo ni Somo

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la nne katika shule moja wilayani Iramba. Mwanachuo aliyefundisha historia alikuwa amebandika ubaoni picha ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883. Mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, bibi husema hata kwetu palikuwa na ikulu ya mtemi." Akajibiwa, "Hilo halimo katika somo letu." Mtoto akaketi, wala hakuinua mkono tena.

Picha ile haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuanzia mbali na kuishia huko huko. Neno ikulu lenyewe, ambalo watoto hulisikia redioni, limetoka kwa jirani zetu Wanyamwezi, na maana yake ni makazi ya mtemi. Ikulu za kwetu zilijengwa kwa miti na udongo. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na tembe isiyokandikwa hurudi ardhini upesi.

Huenda mtu akasema kuwa kilichoanguka hakifundishiki. Lakini hata mawe huanguka. Jumba la Marahubi, lililozungukwa na miembe, liliungua mwaka 1899. Leo zimebaki nguzo na magofu ya hamamu. Sehemu ya Beit al-Ajaib nayo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tofauti ni kwamba majumba hayo yalikwisha andikwa na kupigwa picha, hali ya kwetu yamo vichwani mwa wazee.

Basi, ndugu mwanachuo, katika maandalio yako anzia kijijini. Wapeleke watoto mahali penyewe. Wapime kwa hatua, wachore ramani, waulize ni mti upi uliokuwa kivuli cha baraza. Mwalikeni mzee aeleze. Kisha waulize: nani alibeba miti na udongo ule, na kwa malipo gani? Wakilizoea swali hilo, watalipeleka wenyewe hadi Zanzibar, ambako fahari ya masultani ilitegemea karafuu na jasho la watumwa. Hapo ndipo picha ibandikwe.

Bibi wa mtoto yule hatakuwapo daima. Jumba la mawe likianguka, serikali hutafuta mafundi. Bibi akifariki kabla ya kuulizwa, hapana fundi wa kumrudisha.