Jirani Yetu Fatuma na Majina Tusiyoyajua



Mwezi Oktoba tunaposali rozari katika jumuiya zetu, jina la Fatima hurudi midomoni mwetu kila jioni. Tunakumbuka Ureno, watoto watatu wachungaji na mwaka 1917. Wachache wetu hukumbuka kwamba jina la mji ule ni la Kiarabu, na kwamba ndilo jina la binti wa Mtume Muhammad. Jirani yetu Fatuma, anayetuletea sahani ya futari kila Ramadhani, anaitwa jina hilohilo.

Kwetu Dodoma majina haya si ya mbali. Mjini upo Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010. Kondoa, iliyopewa jimbo lake mwaka 2011 kutoka Jimbo la Dodoma, Wakatoliki ni wachache kati ya Waislamu wengi. Frateri anayepelekwa huko kwa utume hukuta ukoo mmoja wenye Maria na Hadija, Yosefu na Hasani, na siku ya msiba wote huzika pamoja.

Tunajua nini juu ya watu wa kwanza waliobeba majina hayo? Mara nyingi tulichonacho ni kile tulichosikia kwenye vipaza sauti vya mihadhara ya dini, ambako kila upande hutafuta kosa la mwenzake. Maarifa ya namna hiyo hayajengi ujirani.

Tutoe mfano mmoja. Yapata mwaka 615, Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Muhammad aliwaelekeza wakimbilie Habasha, kwa Najashi, mfalme Mkristo. Kati yao walikuwamo binti yake Rukia na mumewe Uthmani, aliyekuja kuwa khalifa wa tatu. Msemaji wao alikuwa Jafari, binamu yake Muhammad na ndugu yake Ali, ambaye baadaye alimwoa Fatuma. Masimulizi ya Kiislamu yanasema wakubwa wa Makka walituma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi akataka kwanza kuwasikia wenyewe. Jafari akasoma sehemu ya Sura ya Mariamu, inayosimulia jinsi Maria alivyopashwa habari na jinsi Yesu alivyozaliwa. Mfalme na maaskofu wake wakatokwa machozi. Zawadi zikarudishwa, wakimbizi wakabaki.

Waislamu husimulia pia kwamba baadaye mfalme huyo alisilimu. Hapo hatulazimiki kukubaliana. Lakini kumpokea anayeteswa, na kumsikiliza kabla ya kumhukumu, ni wajibu wa kila Mkristo.

Wapo watakaosema kwamba kujifunza habari hizi kutalegeza imani yetu. Sisi tunaona kinyume. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, unaeleza wazi kwamba Waislamu hawamkiri Yesu kuwa Mungu, ila wanamheshimu kama nabii, na wanamheshimu Mama yake Bikira Maria. Mababa wa Mtaguso hawakuficha tofauti, wala hawakuitumia tofauti hiyo kama sababu ya dharau. Anayeijua vizuri imani yake haogopi kusikia habari za jirani.

Basi tunawaomba mafrateri wajifunze habari hizi kwa wanaoziishi. Shekhe wa mtaa aulizwe kwa adabu, barazani kwake, badala ya kusubiriwa jukwaani. Nao wazazi, mtoto anapouliza kwa nini rafiki yake anaitwa Jafari, wasimjibu tu kwamba ni jina la Kiislamu, bali wamsimulie habari za wakimbizi waliopokelewa na mfalme Mkristo.

Siku tutakapokaa mkekani msibani kwa jirani yetu Fatuma, tusiwe watu wa kula naye futari miaka yote bila kujua hata jina lake limetoka wapi.