Habari za Sinema si Upuuzi

Wako wasemao kuwa mwandishi wa habari za sinema ni mpiga domo tu, wala kazi yake haimfai kijana aliyesoma. Mimi sikubali.

Mtazameni hayati Bob Thomas wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki 2014. Aliingia shirika la habari la Associated Press mwaka 1943, akaandika juu ya wachezaji wa Hollywood kwa zaidi ya miaka 60. Seneta Robert Kennedy alipopigwa risasi hotelini Los Angeles, Juni 1968, Thomas alikuwapo, akapeleka habari ile nzito kama mwandishi yeyote wa siasa.

Tena aliandika vitabu vya maisha ya watu: Harry Cohn (1967), Walt Disney (1976), Joan Crawford (1978). Gazeti la leo kesho hufungiwa maandazi, kitabu hudumu. Domo huuliza nani kaachana na nani. Wasifu huuliza mtu alitoka wapi, akajifunza nini, akakosa wapi.

Lakini iko hatari. Azoeaye kuketi na wakubwa huweza kugeuka msifu wao. Kitabu cha Disney kiliandikwa kwa msaada wa kampuni ya Disney yenyewe. Basi msomaji hana budi kukipima. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ndugu wanafunzi, msidharau ukurasa mdogo. Jazeni madaftari yenu, ila kalamu zenu zisinunuliwe kwa urafiki.