Nani kakwambia dua yake haifiki?



Leo tunasema jambo ambalo baadhi yenu mtanuna, lakini bora mnune. Kuna maneno yamekuwa mepesi mno midomoni mwetu wanawake wa visiwani: "Mwache aombe, dua ya kafiri haifiki popote." Yanasemwa kwenye shughuli, yanasemwa kwenye magrupu ya WhatsApp, yanasemwa na mama wa nyumba akimcheka msichana wake wa kazi kutoka bara, aliyempita chumbani amepiga magoti na rozari yake. Sisi hatuyakubali. Tena tunaona yanamdhuru zaidi anayeyasema kuliko anayesemwa.

Tuanze na Kitabu, maana ndicho tunachodai tumekitoa huko. Tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy imo kwenye makabati ya nyumba nyingi Unguja na Pemba. Iteremsheni, mpanguse vumbi, mfungue Surat An-Naml aya ya 62. Hapo Mola anauliza ni nani anayemjibu aliyedhikika anapomwomba. Neno la Kiarabu ni mudhtarr, yaani mtu aliyebanwa kila upande, hana mlango wa kutokea. Aya haikutaja dini yake. Imamu al-Qurtubi alipoifasiri alieleza kuwa ahadi hii inamchukua muumini na asiyeamini, mtiifu na muovu, kwa sababu mtu akifikishwa hapo moyo wake hukata tamaa na kila mwengine ukabaki na Mungu peke yake.

Halafu nendeni Surat Al-Ankabut aya ya 65, na Yunus aya ya 22. Aya hizi zinazungumzia watu waliomo chomboni, bahari imechafuka, wanamwita Mungu kwa moyo safi, naye anawaokoa, kisha wakikanyaga nchi kavu wanarudi kwenye ushirikina wao. Sisi watu wa visiwa nani atufasirie hayo? Aliyepanda boti ya Dar wakati wa kusi anajua. Inapofika pale katikati, mawimbi yanapogonga ubavuni na watoto wanatapika, hakuna anayeulizana dini. Huyu anasoma Ayatul Kursiyyu, yule anamwita Yesu, na mtalii aliyekuwa akisema hana dini kafumba macho na midomo inamcheza. Wallahi hatujui anamwambia nani, lakini anayemsikia tunamjua.

Na angalieni vizuri kinacholaumiwa kwenye aya hizo. Hawakulaumiwa kwa kuomba. Walilaumiwa kwa kusahau baada ya kuokolewa. Mwenyezi Mungu alikuwa anajua, kabla hata ya kuituliza bahari, kwamba watu hawa watarudi kwenye masanamu yao. Akaituliza.

Ikrima mwana wa Abu Jahl naye yalimkuta. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, alikimbilia baharini kumkwepa Mtume (S.A.W.). Dhoruba ikawapiga, mabaharia wakamwambia amwombe Mungu mmoja tu, masanamu hapa hayafai kitu. Akaweka nadhiri: akiokoka atakwenda kwa Muhammad na kumpa mkono. Akaokoka, akaenda, akawa Sahaba, akafa vitani huko Sham. Sasa tuambieni, siku aliyoweka nadhiri ile ndani ya chombo alikuwa Muislamu? Hakuwa. Na kama mnataka mfano mzito zaidi, Iblisi mwenyewe aliomba muhula mpaka siku ya kufufuliwa, na akapewa. Imo kwenye Surat Al-A'raf, aya ya 14 na 15.

Tunajua mashoga zetu waliosoma watatuletea Surat Ar-Ra'd aya ya 14, panaposemwa kwamba maombi ya makafiri yamo katika upotevu. Na ije, lakini isomwe yote. Aya inawazungumzia wanaowaomba wasiokuwa Mungu, vitu visivyosikia. Ile ya Surat Ghafir aya ya 50 ni ya watu walioko Motoni tayari, mlango wa kuomba umeshafungwa. Haimhusu mwanamke aliyeko hai, Michenzani au Wete, anayemlilia Muumba wake saa nane ya usiku.

Likishindikana hilo, linaletwa neno la istidraji. Subhanallah, neno hili tumelichosha! Istidraji ipo, hatuikatai: mtu hufunguliwa neema akazidi kupotea mpaka akamatwe. Lakini nani kakupa wewe daftari la kuandika nani yumo? Sikilizeni tunavyozungumza. Mwenzetu akipata mtoto baada ya miaka kumi, tunasema dua imejibiwa. Jirani Mkristo akipata, istidraji. Mtoto wetu akiumwa asipone, mtihani wa kumpandisha daraja. Wa jirani akiumwa, "si unaona, waombe huyo wanayemwomba." Huko si kusoma dini, jamani. Ni kujipangia Mungu ajibu tunavyopenda sisi.

Na fimbo hii inarudi ndani ya nyumba zetu. Wako wanawake wa Kiislamu, wanaswali, wanafunga, wameomba mtoto mpaka mswala umechakaa, hawajapata. Tukishajenga kwamba kujibiwa ni cheti cha imani, hawa tunawaambia nini? Tunawaambia, bila kutamka, kwamba imani yao ina kasoro. Wengine wanatamkiwa kabisa, na wakwe na mawifi, mbele ya watu kwenye hitma. Wanarudi nyumbani wakijichunguza ni dhambi gani waliyofanya. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote.

Hatusemi dini zote ni sawa. Asituwekee mtu maneno mdomoni. Akhera ina hesabu yake. Tunachosema ni kwamba riziki, afya, mvua na kuokoka baharini Mungu hakuvigawa kwa kuulizana shahada. Nabii Ibrahim (A.S.) alipouombea mji wa Makka matunda, aliwaombea walioamini tu. Katika Surat Al-Baqara aya ya 126 Mola akamjibu kwamba hata asiyeamini atastareheshwa kwa muda, na adhabu yake iko mbele. Nabii mzima aliweka mpaka kwenye dua yake, na Mungu hakuufuata. Sisi ni nani tuurudishe? Masika ikinyesha inanyesha hata kwa asiyeswali, tena mara nyengine mihogo yake ikatoka minene kuliko ya imamu.

Kwa hiyo jirani Mkristo akikukuta wodini na mgonjwa wako akakwambia "nitakuombea", usigune. Wako wanaoguna, tumewaona. Mwambie ahsante, nawe muombee kheri na uongofu.

Sasa turudi kwa yule msichana wa rozari, maana hatari tuliyoitaja mwanzo iko kwake. Mama anayeamini kuwa dua ya msichana wake haifiki popote anaona yuko salama. Anamkata mshahara kwa sahani iliyovunjika. Anamfungia simu kabatini. Anamnyima ruhusa ya Krismasi baada ya mwaka mzima wa kufua na kupika. Msichana analia, mama anasema akamlilie Yesu wake. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh Yemen, kwa hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, alimhadharisha na dua ya mwenye kudhulumiwa kwa kuwa hakuna pazia baina yake na Mungu. Na hadithi hiyohiyo inataja kuwa watu aliokuwa akiwaendea ni Watu wa Kitabu. Kwenye Musnad ya Imamu Ahmad ipo riwaya ya Anas inayosema wazi: hata akiwa kafiri.

Tunao mabinti zetu pia wanaokwenda Oman kufanya kazi za ndani. Binti akizuiliwa ujira wake miezi mitatu Muscat, mama yake huku anaamka usiku kuinua mikono, nasi sote tunaitikia amin, wala hatumtetei tajiri wake kwa sababu anaswali. Tunajua swala yake haiwi ngao ya dhulma yake. Hapa kwetu ngao hiyo tumeipata wapi?

Basi mwenye mshahara wa mtu kwenye pochi yake autoe wiki hii, kabla ya Ijumaa. Na zile simu mlizozifungia makabatini, zirudisheni leo.