Korona haikuua E3

Kama wewe ni mtu wa gemu, unajua E3, yale maonyesho ya Los Angeles yaliyoanza 1995, yalizikwa rasmi Desemba 2023. Wengi husema korona iliyaua. Mimi naona korona iliyakuta kitandani tayari.

Cheki. Kwa miaka mingi E3 ilikuwa ya wafanyabiashara na wanahabari. Mchezaji wa kawaida kama wewe ulibaki nje. Tiketi za umma, 15,000 pekee, ziliuzwa 2017. Walichelewa! Nintendo ilikuwa imeanza kukuletea habari zake kwa video mtandaoni tangu 2011. Sony nayo haikufika 2019. Sasa kampuni imwage pesa kwa kibanda cha nini?

Gamescom ya Ujerumani ilifungulia umma milango tangu siku ya kwanza, Cologne, 2009. Korona iliisukuma mtandaoni 2020 na 2021, lakini 2024 ilivuta watu 335,000. (Wanaoandaa tamasha za gemu Nairobi, mko hapo?) Huko watu hupiga foleni saa kadhaa, wengine na viti vyao, ndio washike pedi dakika chache tu.