Dakika za mawinga zigawanywe kwa haki mashinani

KOCHA mwenye mawinga wanne stadi ana utajiri, lakini pia ana mtihani mgumu. Nafasi za pembeni ni mbili pekee na mechi ni ya dakika 90. Kwa hivyo ana dakika 180 za kugawa. Akiwaanzisha wawili na kuwapumzisha katika dakika ya 60, hao watapata dakika 60 kila mmoja na wenzao 30. Asipofanya mabadiliko, wawili watamaliza alasiri nzima wakiwapigia wenzao makofi kando ya uwanja.

Suala hili lina uzito wa kipekee Kapsoit na kwingineko katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet. Mvua za alasiri hulowesha nyuga, na baadhi ya wanasoka hufika uwanjani baada ya kuchuma majani chai tangu alfajiri. Winga hutimka mbio za kasi mara nyingi. Akichoka, hawezi kurudi nyuma kumsaidia beki wake, na upande wake hugeuka kuwa mlango wazi kwa wapinzani.

Sheria za kabumbu zimelegezwa kiasi. Mnamo Mei 2020, wakati wa janga la corona, bodi ya IFAB inayotunga sheria hizo iliruhusu mabadiliko ya wachezaji watano badala ya watatu, na mwaka wa 2022 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Hata hivyo, mchezo husimamishwa mara tatu pekee kwa shughuli hiyo, mbali na muda wa mapumziko. Aidha, aliyetoka harudi tena. Hali ni tofauti katika ligi kuu ya soka ya Kimarekani, NFL, ambako tangu 1950 wachezaji huingia na kutoka bila kikomo, na kocha huwazungusha wapokeaji wa mpira atakavyo.

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Tatu inaruhusu mchezaji aliyeondolewa kurejea uwanjani katika mechi za vijana na za mashinani, mradi shirikisho la nchi liridhie. Huo ni mwanya ambao waandaaji wa vipute vya vijijini wanafaa kuutumia.

Wapo watakaosema kwamba chanda chema huvikwa pete, hivyo anayefunga mabao ndiye astahiliye kucheza. Hoja hiyo ina mashiko, kwani hakuna kocha anayeajiriwa ili ashindwe. Lakini chanda kilichofichwa mfukoni kitajulikanaje kuwa ni chema? Wasaka vipaji humtazama anayecheza, si anayekalia benchi.

Kericho inajua thamani ya kuonekana. Zoo ilishiriki Ligi Kuu kuanzia 2017, na mwaka huo huo kiungo wake, Michael Madoya, akatawazwa mchezaji bora wa ligi. Mnamo 2021 klabu hiyo ilishushwa daraja kwa uamuzi wa FIFA kuhusu upangaji wa matokeo, na kijana wa Kapsoit akapoteza ngazi iliyokuwa karibu naye. Ngazi ya juu inapovunjika, dakika za uwanja wa kijijini huwa na thamani maradufu.

Haki si kumpa kila mmoja dakika sawa. Anayetoroka mazoezi hana sababu ya kulalamika. Haki ni vigezo kutangazwa mapema, na kocha kuandika katika daftari dakika alizocheza kila mmoja. Baada ya mechi tano, daftari hilo litamwonyesha bila kumpendelea yeyote ni nani amelemewa na nani amesahaulika. Asipofanya hivyo, winga wa nne atachoka kungoja, atarudi kwa kikapu chake cha majani chai, na hakuna atakayewahi kujua alikuwa na kasi kiasi gani.